Airplane! au Young Frankenstein: uanze na ipi?

Ukitaka kuzijua filamu za mzaha, yaani zile zinazoiga filamu nyingine kwa makusudi ili kuchekesha, kuna majina mawili ambayo huwezi kuyakwepa. Moja ni Young Frankenstein ya Mel Brooks, iliyotoka Desemba 1974. Jingine ni Airplane!, iliyotoka katikati ya mwaka 1980, kazi ya vijana watatu: Jim Abrahams na ndugu wawili, David na Jerry Zucker. Zote mbili zimo katika Rejesta ya Taifa ya Filamu ya Marekani, Young Frankenstein tangu 2003 na Airplane! tangu 2010. Taasisi ya Filamu ya Marekani ilipotaja vichekesho 100 bora mwaka 2000, Airplane! ilishika nafasi ya 10 na mwenzake nafasi ya 13. Ubora wake haubishaniwi. Swali gumu ni mtu ambaye hajaona hata moja, na ana jioni moja tu ya kupumzika, aanze na ipi.

Nimezitazama zote mara nyingi na bado nazipenda. Jibu langu linategemea mambo mawili: unatazama na nani, na Kiingereza chako kiko wepesi kiasi gani. Lakini siwezi kufika hapo kabla ya kueleza zilikotoka, kwa sababu asili ya kila moja ndiyo inayoeleza kwa nini bado inachekesha wakati wenzake wengi wamesahaulika.

Zilikotoka

Abrahams na akina Zucker walikulia Shorewood, karibu na Milwaukee, jimbo la Wisconsin. Walikuwa na kikundi cha maigizo cha vichekesho, na mojawapo ya mbinu zao ilikuwa kuacha mashine irekodi vipindi vya televisheni usiku wa manane, ili baadaye wapate matangazo ya biashara ya kuyafanyia mzaha. Katika kurekodi huko wakanasa, bila kukusudia, filamu ya mwaka 1957 iitwayo Zero Hour!. Ilikuwa filamu ya uzito kabisa. Rubani wa zamani wa kivita, mwenye jinamizi la wenzake waliokufa chini ya uongozi wake, anajikuta abiria katika ndege ambayo marubani wake wameugua ghafla kwa chakula kibovu. Ni lazima aishike usukani yeye, huku mtu aliye ardhini akimwelekeza kwa redio. Mmoja wa walioiandika ni Arthur Hailey, yuleyule ambaye riwaya yake ilizaa Airport ya mwaka 1970, filamu iliyofungua mlango wa filamu za maafa za mwongo ule.

Hawa vijana watatu walifanya jambo ambalo mpaka leo naliona la akili sana. Badala ya kuandika kisa kingine kinachofanana na kile, walinunua haki za Zero Hour! yenyewe. Kwa hiyo wangeweza kuibeba hadithi nzima, mfuatano wa matukio, hata maneno ya wahusika. Stelingi wa 1957 anaitwa Ted Stryker. Wa 1980 anaitwa Ted Striker. Ile sentensi ya daktari kwamba maisha ya wote waliomo ndegeni yanategemea kumpata mtu anayejua kurusha ndege na ambaye hakula samaki, imo katika filamu zote mbili karibu neno kwa neno. Katika ile ya kwanza inasemwa kwa hofu. Katika ya pili inasemwa kwa hofu ileile, na watu wanaanguka kwa kicheko. Hata mchezaji wa mpira wa kikapu Kareem Abdul-Jabbar kukaa kwenye kiti cha rubani msaidizi kuna mzizi wake huko: rubani mkuu wa Zero Hour! aliigizwa na Elroy Hirsch, nyota wa mpira wa Kimarekani wa zama zake.

Young Frankenstein ilizaliwa kwa njia nyingine. Wazo lilikuwa la Gene Wilder, mwigizaji, ambaye alikuwa ameanza kuliandika na akamvuta Brooks wakati wakitengeneza Blazing Saddles, filamu nyingine ya mzaha ya Brooks. Wilder naye, kwa bahati tu, ni mzaliwa wa Milwaukee. Alitoa sharti moja: Brooks asionekane kwenye filamu. Brooks alikuwa na tabia ya kujitokeza katika kazi zake na kumkonyeza mtazamaji, na Wilder hakutaka mtu wa kuvunja ile dunia waliyokuwa wakiijenga.

Dunia yenyewe ni ile ya filamu za kutisha za kampuni ya Universal: Frankenstein ya 1931 na Bride of Frankenstein ya 1935, zote za mwongozaji James Whale, na Son of Frankenstein ya 1939. Brooks na Wilder walizipenda kwa dhati, na mapenzi hayo unayaona kila dakika. Waling'ang'ania filamu iwe nyeusi na nyeupe. Studio ya Columbia ikakataa, wakahamia 20th Century Fox. Mitambo ya maabara, ile yenye cheche na miali inayoruka kutoka nguzo hadi nguzo, si ya kuigiza: ni mitambo ileile iliyotumika mwaka 1931. Mbunifu wake, Kenneth Strickfaden, alikuwa bado ameitunza kwenye gereji yake miaka zaidi ya 40 baadaye. Hata namna picha moja inavyofungwa na nyingine kufunguliwa, kwa duara linalojikunja au pazia linalopita upande, imechukuliwa kutoka enzi hizo.

Tofauti yao ya kwanza, basi, ndiyo hii. Airplane! ilichukua filamu ambayo karibu kila mtu alikuwa ameisahau, ikaishi badala yake. Leo ni watu wachache mno wanaoitafuta Zero Hour! isipokuwa kwa sababu ya Airplane!. Young Frankenstein ilichukua filamu ambazo kila mtu anazijua, hata asiyewahi kuziona, na ikazifanya zipendwe upya. Zimwi lililoshonwa kwa viungo vya maiti, radi, ngome juu ya mlima, wanakijiji wenye mienge: picha hizo zimeenea dunia nzima kiasi kwamba huhitaji maandalizi yoyote.

Uso usiocheka

Hapa ndipo roho ya filamu hizi ilipo, na hapa nitakaa kidogo.

Katika Airplane! waongozaji hawakuwaita wachekeshaji kuchukua nafasi za wakubwa. Waliwaita watu waliojulikana kwa kazi nzito. Robert Stack alikuwa mpelelezi Eliot Ness wa The Untouchables. Peter Graves alikuwa kiongozi wa majasusi katika Mission: Impossible. Lloyd Bridges alikuwa mzamiaji shujaa wa Sea Hunt. Leslie Nielsen alikuwa ameigiza kwa miongo mitatu kama mtu wa maana: mwaka 1972 alikuwa nahodha wa meli inayopinduka katika The Poseidon Adventure. Watu hawa waliambiwa waigize vilevile walivyozoea, kwa sauti zilezile na kwa macho yaleyale ya mtu anayebeba jukumu. Graves mwanzoni aliusoma muswada akauona wa hovyo, hakuutaka.

Mtazame Nielsen akiingia kama daktari Rumack. Mhudumu wa ndege anatafuta daktari miongoni mwa abiria. Anamkuta bwana mmoja aliyetulia kitini huku kifaa cha kusikilizia mapigo ya moyo kikiwa tayari masikioni mwake. Kisha analetwa kwa mama anayelalamika tumbo. Rumack anainama, anaingiza vidole mdomoni mwa mgonjwa na kutoa yai zima. Anatoa la pili. Anatoa jingine. Analivunja moja na ndege hai anaruka kutoka ndani yake. Uso wa Nielsen haubadiliki hata kidogo. Anafikiri kama daktari yeyote anayepima dalili. Angetabasamu tu, hata kwa kona ya mdomo, yote yangeporomoka.

Sisi tuliokua na Vioja Mahakamani, kile kichekesho cha televisheni ya Kenya, tunaijua nguvu hiyo. Mshtakiwa anajitetea kwa upuuzi usio na mwisho, lakini mahakama inabaki mahakama, na uzito wa kiti cha hakimu ndio unaomfanya mshtakiwa achekeshe.

Young Frankenstein inatumia joto badala ya ubaridi huo. Gene Wilder anaigiza mjukuu wa yule mwanasayansi maarufu, profesa mwenye heshima zake Marekani, anayeona aibu kwa ukoo wake hadi anabadilisha matamshi ya jina lake. Anaanza akiwa mpole, anaongea kwa sauti ya chini kama mwalimu mvumilivu. Halafu sauti inapanda, macho yanatoka, nywele zinasimama, na ghafla mtu mzima anabweka kama aliyepagawa. Wilder hafanyi mzaha na mhusika wake. Anaamini kabisa kwamba anaweza kufufua maiti, anaumia kweli anaposhindwa, na anapomfuata zimwi wake chumbani na kumwambia kwamba yeye ni mtu mzuri na anapendeka, unaguswa na kucheka kwa wakati mmoja. Hilo Airplane! hailijaribu.

Tukio ninalolirudia mara nyingi zaidi ni la kipofu. Zimwi, lililoigizwa na Peter Boyle, limetoroka na linazurura porini. Linafika kwenye nyumba ya mzee kipofu anayeishi peke yake na aliyekuwa akimwomba Mungu amletee rafiki. Katika filamu ya 1935 tukio hili ni zito na la huruma: kipofu analikaribisha zimwi, analilisha, analipa sigara. Brooks amelibakiza vilevile, na pale penye ukarimu ndipo alipotia maafa. Mzee anapakua supu ya moto, na kwa kuwa haoni, anaimwaga yote kwenye mapaja ya mgeni wake. Anataka wagonganishe vikombe vya mvinyo kwa furaha, anakipiga kikombe cha zimwi mpaka kinavunjika na kuliachia mkononi kishikio tu. Anawasha kiberiti kuwashia sigara, moto anauelekeza kwenye kidole gumba. Zimwi linajitahidi kustahimili, kila safari macho ya Boyle yanamtazama mtazamaji kama anayeomba msaada, mwisho linapasua mlango na kukimbia. Na kipofu ni nani? Gene Hackman, ambaye miaka miwili mitatu kabla alishinda Tuzo ya Oscar kwa uigizaji wake katika The French Connection. Ndevu na nywele zimemficha kiasi kwamba wengi hawamtambui.

Katika tukio zima hakuna sentensi unayolazimika kuielewa. Mtoto wa Tanga na bibi wa Bujumbura watacheka mahali pamoja.

Mvua ya vichekesho, au hadithi inayotembea

Airplane! ina dakika 88 hivi na haipumziki. Wakati watu wawili wanazungumza mbele, nyuma yao kuna jambo jingine linaendelea, na mara nyingi la nyuma ndilo linalochekesha zaidi. Filamu inaanza na mkia wa ndege ukikata mawingu kama papa huku muziki ukiiga ule wa Jaws. Muda mfupi baadaye tuko uwanja wa ndege wa Los Angeles, ambapo sauti mbili za vipaza sauti, ya mwanamume na ya mwanamke, zinaelekeza magari yasimame wapi, na polepole maelekezo yanageuka kuwa ugomvi wa kinyumbani. Waliosoma maneno hayo walikuwa mtu na mkewe, na ndio hao waliokuwa wakisikika uwanjani hapo katika maisha halisi.

Kuna mzaha mwingine ambao wengi huutambua mara ya tatu au ya nne. Ndege inayoonekana ni ya jeti, lakini mlio wake ni wa ndege ya propela. Waongozaji walitaka ndege ya kizamani kama ya 1957, studio ikataka jeti, wakakubali jeti na kuibakiza sauti ya zamani filamu nzima. Hakuna mhusika hata mmoja anayelisema jambo hilo. Kadhalika muziki: Elmer Bernstein, mtunzi wa muziki wa The Magnificent Seven, aliuandika kama wa filamu ya mapenzi na hatari, wenye vinanda vinavyolia kwa uchungu. Muziki nao haujui kama uko kwenye kichekesho.

Ubaya wa mvua ya namna hiyo ni kwamba hadithi inabaki uzi mwembamba wa kutundikia. Humlilii Ted Striker, na mapenzi yake na Elaine, mhudumu wa ndege, hayakushiki moyo. Uzuri wake ni kwamba kichekesho kimoja kikikupita, kingine kimeshafika. Kwa kundi la marafiki wenye kelele hakuna kilicho bora zaidi, kwa sababu kila mmoja atakamata lake na kumweleza jirani.

Young Frankenstein ina dakika kama 105 na haina haraka. Kuna sehemu tulivu kabisa, ambapo unatazama tu mwanga wa mshumaa ukipanda ngazi za mawe. Muziki wa John Morris, wimbo wa bembelezo unaopigwa kwa fidla, si pambo: ndio unaomtuliza zimwi na ndio unaoisogeza hadithi. Na wahusika wote wamejaa. Igor wa Marty Feldman ana nundu inayohama bega moja hadi jingine, na akiulizwa kuihusu anashangaa nundu gani. Frau Blücher wa Cloris Leachman akitajwa jina tu, farasi walio nje wanalia kwa hofu, hata wakiwa mbali kiasi gani. Teri Garr, Madeline Kahn na Kenneth Mars kila mmoja ana dakika zake za kung'ara.

Halafu kuna ile ngoma. Daktari anamleta zimwi jukwaani mbele ya wasomi, wote wawili wamevaa suti za jioni na kofia ndefu, wanaimba na kucheza Puttin' on the Ritz ya Irving Berlin. Zimwi linapofika kwenye maneno yake, linayanguruma. Brooks alilipinga tukio hili. Aliliona limezidi, litaharibu heshima ya filamu. Wilder alilipigania mpaka Brooks akasema, ikiwa unalitetea kwa nguvu hivi, basi lazima liwe sahihi. Leo ndilo watu wanalolikumbuka kwanza. Binafsi naona liko juu hivyo kwa sababu linakuja baada ya saa nzima ya subira. Lingekuwa katika Airplane!, lingepita kama kimojawapo tu.

Lugha, watoto na wazee

Kwa msomaji wa Kiswahili hili ni la muhimu, na sijaona likizungumzwa vya kutosha.

Airplane! imejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya Kiingereza cha Marekani. Vichekesho vyake vingi vya maneno vinategemea mtu mmoja kuelewa neno kwa maana isiyokusudiwa, na vinatamkwa kwa kasi bila kituo. Ukiwa na maandishi chini ya skrini, hata ya Kiingereza, utafaidi mara mbili. Bila maandishi, nusu ya sauti itakupita na utabaki na vya macho, ambavyo kwa bahati nzuri ni vingi: foleni ya abiria wanaosubiri zamu ya kumtuliza mama aliyepagawa kwa hofu, kila mmoja na silaha kubwa kuliko ya aliyemtangulia, mdoli wa mpira anayepulizwa hewa na kukalia kiti cha rubani kama ndiye mtambo wa kuiendesha ndege, au Striker anayesemwa kwamba pombe imemshinda, kisha tunaona kwamba kinachomshinda ni kuufikisha mdomoni, maana kila akinyanyua glasi anajimwagia usoni.

Young Frankenstein nayo ina maneno yake, ila mzigo mkubwa umebebwa na nyuso, miili na hadithi unayoijua tangu utotoni. Mtu wa Kiingereza cha wastani hatapotea.

Sasa suala la familia. Msidanganywe na umri wa filamu hizi mkadhani ni za kuwekea watoto. Airplane! ina kifua cha mwanamke kinachopita mbele ya kamera kwa sekunde chache wakati wa taharuki, na ina maswali ambayo rubani anamuuliza mtoto mdogo aliyetembelea chumba chake, maswali ambayo mzazi yeyote leo atakunja uso. Mimi hukunja. Young Frankenstein haina utupu, lakini mzaha wa chumbani umetapakaa, na karibu na mwisho zimwi linamteka mchumba wa daktari katika tukio ambalo filamu inalifanya la kuchekesha na ambalo mtazamaji wa leo, hasa mwanamke, ana haki ya kutolifurahia. Mkiwa mmekaa na wakwe, chagueni siku nyingine.

Kuna jambo jingine kuhusu Airplane! ambalo linatugusa sisi moja kwa moja. Katika kumbukumbu za Striker na Elaine kuna kipande cha wao wakijitolea Afrika na Peace Corps, shirika la serikali ya Marekani linalopeleka watu wa kujitolea nchi za nje, katika kabila la kubuni. Striker anawafundisha wanaume mpira wa kikapu, na papo hapo wanacheza kama mabingwa. Elaine anawaonyesha wanawake vyombo vya plastiki. Naelewa kwamba shabaha ilikuwa kuwacheka Wamarekani wanaokuja kutusaidia na vitu ambavyo hatukuviomba, na kwa Tanzania hilo lina historia, kwa kuwa Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa kupokea watu wa Peace Corps mwaka 1961. Lakini Waafrika wenyewe katika kipande hicho hawana sauti wala jina. Wamewekwa tu kama mandhari. Hicho ndicho kipande ambacho mimi ningekitoa.

Kilinganishe na kile cha abiria wawili Weusi wanaozungumza Kiingereza cha mitaani, kizito kiasi kwamba mhudumu haelewi kitu, mpaka mama mzee wa Kizungu anajitolea kuwa mkalimani. Mama huyo ni Barbara Billingsley, aliyejulikana Marekani nzima kama mama mpole wa kipindi cha Leave It to Beaver. Hapa kicheko kina afya, na sababu inajulikana: waigizaji wale wawili, Norman Gibbs na Al White, waliyatunga maneno yao wenyewe. Wao ndio wenye lugha, na asiyejua ni mwingine.

Ya kuanza nayo

Mkiwa kundi, mmeshiba, mnataka kucheka mpaka mbavu ziume, na kuna angalau mmoja wa kuwaeleza wengine kinachosemwa, wekeni Airplane!. Ukiwa peke yako au na mwenzi wako, na unapenda filamu yenye mwanzo, kati na mwisho, weka Young Frankenstein. Kwa anayejifunza kutengeneza filamu sina hata la kujadili: Young Frankenstein ni darasa la mwanga na kivuli, na huwezi kuamini kwamba iligharimu chini ya dola milioni 3. Airplane! nayo iligharimu karibu milioni 3.5 na ikaingiza zaidi ya milioni 80 Marekani na Kanada pekee, kwa hiyo mwenye bajeti ndogo ana la kujifunza kwa wote wawili.

Ila ukinibana nitaje moja tu ya kuanza, ni Young Frankenstein. Sababu yangu ni ya mpangilio kuliko ya ubora. Aliyeanza na Airplane! huzoea mwendo wake wa kasi, na akija kwa Brooks huona mambo yanachelewa. Aliyeanza na Brooks huwa amejifunza kuutazama uso wa mwigizaji na kungoja. Akifika kwa Nielsen, anajua pa kuangalia.

Ukizimaliza zote na bado una njaa, nenda Blazing Saddles kama unapenda Brooks, ingawa hiyo ni kali zaidi na inalitumia tusi la kibaguzi mara nyingi katika vita vyake dhidi ya ubaguzi. Kama umempenda Nielsen, The Naked Gun ya 1988 ni ya watu walewale, imetokana na kipindi chao cha televisheni kilichokatwa baada ya vipande 6 mwaka 1982. Airplane II unaweza kuiruka. Abrahams na akina Zucker hawakuhusika nayo, na inaonekana.

Jambo la mwisho kwa atakayechagua Airplane!: usizime majina ya watengenezaji yanapoanza kupanda. Kuna vichekesho vilivyofichwa katikati ya majina hayo. Na yule abiria aliyeachwa ndani ya teksi mwanzoni kabisa, mita ikiendelea kuhesabu, bado yuko pale anamsubiri dereva wake.